KUPOKEA MBWA MDOGO ALIYEACHWA



Karibu sisi wote tunamjua yule mbwa mdogo mwekundu anayelala ndani ya bidoni iliyokatwa, nyuma ya jiko la masomo yetu. Wadogo wa mwaka wa kwanza wamemwita Bidoni, na jina limeshika. Tangu juma mbili wanafunzi watatu wamekuja kuniuliza kama wanaweza kumpeleka kwao, kwa kuwa wanajua niko katika Biolojia na Kemia, tena kwetu tulifuga mbwa. Yule wa tatu aliniambia: "Yaya, imbwa haiombake kitu. Inakula mabaki tu." Hapo nikaona afazali niandike. Mbwa anaomba vitu vingi, ila hana kinywa cha kusema.

Jambo la kwanza ni kujua kama kweli ameachwa. Hapa Mugunga watu wamekuja na kuhama mara nyingi, tangu kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda ya mwaka 1994 mpaka makambi ya waliokimbia vita, ambayo yaliondolewa mwezi wa pili 2025. Mtu anayehama na chukudu moja anapakia watoto, godoro na sufuria. Mbwa anafuata kwa miguu, au hafuati. Lakini kubaki nyuma si sawa na kuachwa. Munakumbuka Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji wa Goma ikaamriwa kuhama, na wengi walipita barabara hii yetu kwenda Sake. Siku zile jirani yetu alimpokea mbwa, akamlisha, akampa jina jipya. Mwezi wa sita watu wakaanza kurudi, na siku moja mwenye mbwa akasimama mbele ya kiingilio. Mbwa aliposikia sauti yake alikata kamba. Haikuwa lazima kwenda kuamuliwa kwa chefu. Basi muulize kwanza: kwa nyumbakumi, kwa majirani, sokoni, na mlangoni pa kanisa siku ya Bwana. Kwa Bidoni tumekwisha kuuliza, na hakuna aliyejibu.

Jambo la pili ni kichaa cha mbwa, ile watu wa hospitali wanaita raje. Hapa sitaki mtu acheke. Ugonjwa huu unakaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na unaingia kwa jeraha anapouma, au anaporamba mahali palipochubuka. Katika dunia nzima unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayezaniwa kuwa na kichaa, wane ni watoto chini ya miaka 15, maana yake ni watu kama sisi na wadogo wetu. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya dalili kuna njia. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, tunajua kwamba chanjo inayowahi inaokoa.

Kwa hiyo, ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili. Utaona ni muda mrefu. Tazama saa, usikisie. Kisha kimbia kituo cha afya siku ile ile. Usipake majivu wala mafuta ya gari, na usinyamaze kwa kuogopa fimbo ya baba. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku kumi, asiuawe na kutupwa mbio mbio. Lakini wewe usingoje zile siku kumi ziishe ndipo uende kutibiwa.

Mbwa mgonjwa si lazima awe mkali. Wengine wanauma miti na mawe, wengine wanakaa kimya, mdomo wazi, mate yakitiririka, wasiweze kumeza. Hata mbwa wa pori anayekuja gafula kukuzoea kupita kiasi, umwogope. Na mbwa mzima unayetaka kumpokea, umpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo. Inafaa tangu akiwa na miezi mitatu, na inarudiwa kila mwaka. Muombe karte na muitunze vizuri. Asiyeweza kutafuta franga za chanjo, kwa mawazo yangu, asimchukue mbwa. Najua neno hili litawauzi wengine.

Sasa jambo la tatu, ambalo katika vitabu vya Ulaya juu ya mbwa hamutalikuta: atalala wapi? Kwetu Mugunga, na Bulengo, mpaka kule Sake, tuna mazuku. Wazee wanaita upepo mbaya. Kwa kemia ni gazi karboniki inayopanda toka chini ya udongo kupitia nyufa za mawe ya volkano. Uzito wake ni mara 1,5 ya uzito wa hewa, kwa hiyo haipandi juu. Inashuka na kujaa katika mashimo na mabonde kama maji katika beseni. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo na jua halijapasha mawe, inazidi.

Mtu mzima anaweza kusimama kando ya shimo kama lile na asisikie kitu, sababu kichwa chake kiko juu. Lakini kuku, mbuzi, mtoto anayetambaa na mbwa mdogo, pua zao ziko mle ndani. Huko Italia, karibu na mji wa Napoli, kuna pango linaloitwa Pango la Mbwa. Zamani viongozi wa wageni walikuwa wakiingiza mbwa ndani yake ili wageni waone: mbwa anaanguka kama amekufa, na watu wanaosimama karibu naye hawana neno. Kisha walimtoa na kumchovya katika ziwa ili aamke. Mchezo mbaya, lakini fizika yake ni ya kweli.

Sisi hatukuhitaji kwenda Italia. Nilipokuwa na miaka minane tulipewa mbwa mdogo, mweupe, na sikio moja jeusi. Mimi ndimi niliyechagua mahali pa kumfunga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo kati ya mawe, penye kivuli na majani laini, nikaona ni pazuri. Asubuhi nilimpelekea bugali. Alikuwa amelala ubavu, kamba imenyooka yote, upande wa kupanda juu. Nilitaka kushuka kumbeba, na mama akanishika shati kwa nyuma. Mpaka leo naiona ile kamba.

Basi musimfunge mbwa katika shimo lolote, hata likionekana zuri. Mahali mukiona mijusi, wadudu au ndege wamekufa bila jeraha, mukimbie na muwaambie wakubwa. Musiende kupima kwa mshumaa. Anayeinama kutazama mshumaa amekwisha kuweka pua yake pale. Na mnyama akianguka shimoni, musimfuate. Mumjengee nyumba ya mbao juu ya mawe, mahali pa juu panapopigwa na upepo, mlango usielekee upande wa mvua. Usiku asifungwe kwa kamba fupi, ili akisikia vibaya aweze kuondoka.

Chakula si shida kubwa. Bugali na sambaza kidogo, au mchuzi wa nyama usio na pilipili wala vitunguu, maana vitunguu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo. Mbwa aliyekonda usimjaze siku moja. Umpe kidogo kidogo, mara tatu ine kwa siku. Maji safi kila siku, na ndiyo, ni wewe utakayebeba hiyo bidoni ya maji. Siku za kwanza atajificha. Musimzunguke kumi kumtazama machoni. Kaa chini kando, geuza uso, ungoje aje mwenyewe.

Bidoni ni dume, na kwa meno yake nazani amepita miezi sita. Sentineli wetu wa usiku amekubali kumlisha mpaka posho ya siku ya sita. Anayemtaka aje siku ile saa nane na mzazi wake, si na barua ya mzazi, kwa sababu barua tunajua namna zinavyoandikwa. Mzazi aonyeshe ni wapi mbwa atalala. Kama ni mahali pa chini, nitasema hapana, hata kama mwombaji ni rafiki yangu.