Gari Lililo Juu ya Mawe: Kipi Kifunguliwe, Kipi Kiachwe

Kuanzia Ifakara hadi Mbingu na Mlimba, adui wa chuma ni maji. Masika na mito inayoshuka kutoka Udzungwa hulilowesha bonde la Kilombero kwa miezi, na Land Rover au Kombi kuukuu iliyoachwa juu ya mawe huendelea kuliwa hata isipotembea. Anayetaka kuichinja apate spea atafute kwanza mstari wa matope milangoni. Huo ndio utakaomwambia maji yalifika wapi.

Kama yalipita ekseli, usiamini difu kwa macho. Legeza nati ya chini kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutuama chini. Yakitangulia kutoka, tarajia kutu kwenye meno na beringi. Kwenye injini, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji. Kisha zungusha puli kwa mkono. Ikigoma usilazimishe: toa plagi, mimina oili nyepesi kwenye silinda, uiache siku kadhaa.

Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover za zamani ni aloi ya alumini, desturi iliyoanza mwaka 1948 chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana madigadi na boneti hudumu. Chasisi, ambayo ni ya chuma, huoza kuanzia ndani. Igonge kwa nyundo uisikilize. Kagua pia penye bolti: alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa na kuacha unga mweupe.

Kombi haina chasisi ya peke yake. Bodi ya chuma ndiyo inayobeba kila kitu. Sakafu ikishaoza, chukua taa, vioo na gia boksi, usihangaike kuifufua. Brazil iliendelea kuunda Kombi hadi mwaka 2013, hivyo baadhi ya vipuri vyake bado vinapatikana.

Mipira na paipu za breki za gari lililotelekezwa zitupwe. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwani huenda lina asbesto. Tangi la mafuta lisiguswe na moto wa kuchomelea, hata likionekana tupu: mvuke wake hulipuka.

Na kabla ya kushika spana, mtafute mwenye gari, uone kadi yake, linganisha namba ya chasisi, kisha mwandikiane mbele ya mashahidi. Spea isiyo na karatasi inaweza kukufikisha polisi.