Mvuto wa Gorila wa Milimani na Funzo Lake kwa Homa Bay na Migori

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mintarafu ya utalii wa wanyamapori, methali hii yahitaji kutazamwa upya. Vipo vizuri vingi ambavyo havijajiuza hata kidogo, ilhali vipo vingine vilivyofichika katika misitu ya mbali ambavyo watu huvuka bahari ili wavione. Gorila wa milimani ni katika hivi vya pili. Kenya haina gorila wa mwituni hata mmoja. Hao hupatikana Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo pekee. Hata hivyo, mkazi wa Homa Bay au Migori ana sababu nzuri ya kuuliza ni kitu gani hasa kinachowafanya watu walipe fedha nyingi na kukwea milima yenye matope ili wakae na mnyama huyo kwa saa moja tu.

Makala hii inanuia kulijibu swali hilo, kisha kulipima jibu lake kwa mnyama mmoja adimu aliye karibu nasi, yaani korongo wa Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Suala la majina

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane kuhusu istilahi. Wasemaji wengi wa Kiswahili hutumia neno sokwe kwa jamii nzima ya nyani wakubwa wasio na mkia, na baadhi yao huongeza kuwa yule mdogo wa Gombe na Mahale, huko Tanzania, ni sokwe mtu. Wanyarwanda humwita gorila ingagi. Katika makala hii tutatumia neno gorila ili kuepuka utata.

Korongo naye ana utata wake. Neno hili lina maana tatu: ndege mwenye miguu mirefu, bonde jembamba lililochimbwa na maji, na mnyama wa jamii ya swala. Msomaji akiambiwa kuwa Ruma kuna korongo, yamkini atafikiria ndege au bonde kabla ya kumfikiria mnyama. Jambo hili laonekana dogo, ila tutaona baadaye kuwa jina lina uzito katika suala la mvuto.

Kinachowavuta watu kwa gorila

Sababu ya kwanza ni uhaba. Matokeo ya sensa yaliyotangazwa mwaka 2018 na 2019 yalionyesha kuwa gorila wa milimani waliokuwa wamebaki duniani walikuwa 1,063. Hao huishi katika maeneo mawili tu: milima ya Virunga, na msitu wa Bwindi pamoja na ule wa Sarambwe unaopakana nao. Fauka ya hayo, gorila wa aina hii hapatikani katika bustani za wanyama za Ulaya wala Marekani. Anayetaka kumwona hana budi kumfuata kwao.

Sababu ya pili ni jasho na masharti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa mbuga pamoja na wafuatiliaji waliotangulia alfajiri kutafuta mahali walipolala gorila. Kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja. Mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, na mwenye mafua hurudishwa, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua huweza kumwambukiza gorila na kumuua. Kibali nacho ni ghali: tangu mwaka 2017 Rwanda humtoza mgeni wa kutoka nje dola 1,500. Mtu angetarajia kwamba masharti haya yangewafukuza watu. La hasha; kinachopatikana kwa taabu na kwa kipimo huthaminiwa zaidi ya kilicho wazi kwa wote.

Sababu ya tatu ni ufanano. Gorila hukaa katika familia inayoongozwa na dume lenye mgongo wa rangi ya fedha. Mama humbeba mwanawe, watoto hucheza, na wazee hupumzika. Mgeni hujiona mbele ya jamaa wa mbali, wala si mbele ya mnyama wa kutisha tu.

Sababu ya nne, ambayo aghalabu hupuuzwa, ni jina na masimulizi. Dian Fossey alianzisha kituo cha utafiti cha Karisoke nchini Rwanda mwaka 1967, akawapa gorila majina na kuandika maisha yao. Mmoja wao, Digit, alipouawa na majangili mwishoni mwa mwaka 1977, ulimwengu haukusikia kwamba mnyama fulani ameuawa, bali ulisikia kuwa Digit ameuawa. Tangu mwaka 2005 Rwanda imekuwa na sherehe ya Kwita Izina, ambapo watoto wa gorila hupewa majina mbele ya halaiki, kwa kufuata desturi ya Wanyarwanda ya kumpa jina mtoto mchanga. Kwa njia hiyo mnyama wa mwituni ameingizwa katika lugha na utamaduni wa watu wanaoishi naye.

Korongo wa Bonde la Lambwe

Ruma iko katika Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, chini ya mteremko mkali wa Kanyamwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 120 hivi. Lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, likafanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Humo mna twiga, kongoni, taya, na vifaru walioletwa mwaka 2012. Lakini mwenye mbuga ni korongo: swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, masikio marefu, na uso wa rangi nyeusi na nyeupe kana kwamba amevaa barakoa. Ruma ndiko alikobaki nchini Kenya.

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Ni kweli kwamba korongo wangaliko katika nchi nyingine za Afrika, kwa hiyo spishi yenyewe haijafikia ukingo wa kutoweka. Walakini, kwa Kenya, idadi hiyo ni ndogo mno. Ugonjwa mmoja, moto mmoja wa nyika au mitego michache ya nyaya yaweza kufunga ukurasa wake.

Ni nani aliyemlinda korongo hadi sasa? Jibu moja ni la kushangaza: mbung'o. Bonde la Lambwe lilijulikana kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa malale, na hofu ya mdudu huyu iliwazuia watu kulima na kufuga katika sehemu kubwa ya bonde. Ugonjwa huo uliwatesa wakazi, na hakuna mwenye utu atakayeuombea urejee. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Hiyo ni habari njema. Lakini ina maana pia kwamba hofu iliyokuwa ua wa korongo inaondoka. Sheria pekee haitoshi kuwa ua mpya. Jirani wa mbuga anayehitaji shamba na malisho lazima awe na sababu yake mwenyewe ya kutaka korongo aishi.

Kinachokosekana

Tukivipima vigezo vinne tulivyovitaja, korongo anacho kigezo cha uhaba kupita kiasi. Ufanano na binadamu hana, wala hafuatwi kwa miguu kama gorila. Lakini kumtafuta katika nyasi ndefu kwahitaji subira. Anachokosa hasa ni masimulizi. Si kwamba eneo hili ni maskini wa hadithi. Jina Ruma lenyewe linasemekana kutokana na mchawi aliyeogopwa sana. Kanyamwa ni kwao Gor Mahia, mganga mashuhuri ambaye timu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 ilipewa jina lake. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima, linalosimuliwa kuwa kijiji kilizama hapo baada ya kumnyima ajuza ukarimu. Huko Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji yapata karne ya 16, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Vyote hivi vyaweza kuwa safari moja, lakini mara nyingi husimuliwa kila kimoja peke yake, na korongo hatajwi.

Ni muhimu pia kuiga kwa hadhari. Bwindi ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, walioishi msituni tangu jadi, walifukuzwa, na madhila yao hayajaisha. Mvuto unaomtajirisha mgeni na kumfukuza mwenyeji si wa kuigwa. Baadaye Uganda na Rwanda ziliweka utaratibu wa kuzigawia jamii jirani sehemu ya mapato ya mbuga, na hilo ndilo la kuigwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mvuto wa gorila hautokani na umbo lake pekee. Umejengwa kwa uhaba, masharti, ukaribu na masimulizi, na jambo la mwisho ni kazi ya lugha. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi yake: kukusanya masimulizi ya Lambwe na Kanyamwa, kuyaandika kwa Kiswahili kando ya Kijaluo na Kisuba, na kumtenga korongo mnyama na korongo ndege katika vitabu vya shule. Usiache mbachao kwa msala upitao. Gorila ana wa kumsemea. Korongo 15 waliohesabiwa Ruma bado wanangoja wao.