Kura na Uwakilishi katika Tuzo za Bunilizi ya Kisayansi
Washindi wa Tuzo za Hugo huchaguliwa na wanachama wanaolipia ada ya kongamano la kimataifa la bunilizi ya kisayansi. Mwaka 2015, makundi yaliyodai kuwa anuwai inathaminiwa kuliko ubora yaliteka uteuzi kwa kupigia kura orodha moja. Wapigakura wengi wakajibu kwa kuacha vitengo 5 bila mshindi. Tuzo za Nommo, zilizotolewa kwanza mwaka 2017, huamuliwa na wanachama wa jumuiya ya Kiafrika ya fani hiyo. Hata hivyo, mpigakura huchagua anachoweza kukisoma, na Mganda Dilman Dila alichapisha A Killing in the Sun (2014) kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Hivyo, tuzo yoyote itakayoasisiwa Kampala ihakikishe kwanza kuwa wasomaji wa Kiswahili wamo katika daftari la wapigakura.