Je, Wajua? Mgodi Hufungwa, Mji Hubaki

Kwa zaidi ya miaka 200 makaa ya mawe yameendesha treni, yameyeyusha chuma na kuwasha taa za miji mikubwa. Sasa nchi moja baada ya nyingine inafunga migodi na mitambo yake, na wengi wanauliza umeme utatoka wapi. Swali la pili huulizwa na wachache: waliochimba kwa vizazi vitatu wataishi kwa kazi gani?

Majibu yapo, kwa kuwa miji kadhaa imekwisha kuipita njia hiyo. Mengi ya haya tunayokuletea yanatoka milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Mengine yanatoka Ulaya, Afrika Kusini na hapa kwetu. Yasome yote pamoja, utaona jambo moja likijirudia: mji huponywa na akiba iliyowekwa, na wenyeji walioulizwa, wakati makaa yangali yakitoka.

MASHINE ILITANGULIA

Je, wajua kwamba ajira nyingi za makaa ya mawe Marekani zilipotea kabla siasa za mabadiliko ya tabianchi hazijaanza? Mwaka 1923 nchi hiyo ilikuwa na wachimbaji zaidi ya 860,000. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakufika 150,000, na leo hawafiki 50,000. Kwanza zilikuja mashine za kukata na kupakia, kisha treni zikahamia dizeli, na katika miaka ya karibuni gesi asilia ya bei nafuu ikachukua nafasi ya makaa kwenye mitambo ya umeme.

Tazama Kaunti ya McDowell, jimbo la West Virginia. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 98,887. Ile ya 2020 ilihesabu 19,111. Katika kila watu watano, wanne hawapo tena. Mwenyeji wa huko akisikia maneno matamu kuhusu “ajira mpya” na akakaa kimya, tumwelewe: amekwisha kuahidiwa mara nyingi.

CHAKULA CHA WACHIMBAJI KIKAWA CHA TAIFA

Mwaka 1960 John F. Kennedy alipita West Virginia akiomba kura, akaona njaa katika nyumba za watu waliokuwa wakiipa nchi nishati. Alipoingia madarakani aliamuru majaribio ya stempu za chakula. Familia ya kwanza ilizitumia Mei 1961 mjini Welch, makao makuu ya McDowell. Leo mpango uliotokana na majaribio hayo unasaidia mamilioni ya Wamarekani, wengi wao wakiwa hawajawahi kuuona mgodi kwa macho.

HOSPITALI 10 KUTOKANA NA SENTI ZA TANI

Je, wajua kwamba wachimbaji waliwahi kujijengea hospitali? Mwaka 1946 chama chao, United Mine Workers of America, kikiongozwa na John L. Lewis, kilipata makubaliano kwamba kila tani itakayochimbwa itoe senti 5 kwa ajili ya mfuko wa ustawi wao. Kiwango kiliongezwa hatua kwa hatua hadi senti 40. Kwa fedha hizo zilifunguliwa mwaka 1956 hospitali 10 katika majimbo ya Kentucky, Virginia na West Virginia, mahali ambapo daktari alikuwa mwajiriwa wa kampuni na mgonjwa hakuwa na pa kulalamika.

Makaa yaliposhuka, mfuko nao ulipungukiwa, na katika miaka ya 1960 hospitali ziliuzwa. Hata hivyo hazikufa. Shirika lililozirithi, ambalo siku hizi huitwa Appalachian Regional Healthcare, ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa mashariki mwa Kentucky. Migodi mingi iliyozaa zile senti imefungwa, lakini wauguzi wanaingia zamu kila asubuhi.

MAFURIKO YALIYOFICHUA WENYE ARDHI

Aprili 1977 mafuriko yalizoa nyumba katika mabonde ya Appalachia. Huko Kaunti ya Mingo walionusurika walihitaji mahali pa kuweka nyumba za muda, na ardhi kavu ikakosekana. Ilikuwepo tele mlimani, ila ilikuwa mali ya kampuni.

Wananchi na watafiti wakaamua kujua undani wake. Waliingia katika ofisi za kumbukumbu za kaunti 80, katika majimbo sita, wakapekua hati moja baada ya nyingine. Matokeo yalitolewa mwaka 1981: angalau asilimia 53 ya ardhi ilishikwa na asilimia 1 ya wenyeji pamoja na wamiliki wanaoishi mbali, makampuni na taasisi za serikali. Nyingi ya ardhi hiyo ya madini ilitozwa kodi ndogo mno, na shule zilizotegemea kodi hiyo zikabaki maskini.

Hapa ndipo mipango mingi ya maendeleo vijijini hukwama. Mtu anafundishwa kilimo cha matunda, anapewa mkopo, kisha anaulizwa shamba liko wapi. Mradi wa kilimo hauoti kwenye ardhi ya mtu mwingine.

BARABARA KWANZA, MAFUNZO BAADAYE

Tume ya Maendeleo ya Appalachia iliundwa kwa sheria aliyoisaini Rais Lyndon Johnson Machi 1965. Inahudumia kaunti 423 katika majimbo 13, kutoka New York hadi Mississippi. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya fedha zake ilienda kwenye barabara, kwa kuwa barabara kuu za taifa zilikuwa zimeikwepa milima. Mpango wake wa kuzisaidia hasa jamii zilizopoteza makaa ya mawe, uitwao POWER, ulianza mwaka 2015, na tangu hapo umetoa zaidi ya dola milioni 400. Hesabu miaka: McDowell ilianza kukimbiwa na watu wake katika miaka ya 1950.

WALIOOMBA 900, WALIOCHUKULIWA 11

Wapo wanaosema wachimbaji hawataki kujifunza kazi nyingine. Mwaka 2015 kampuni changa ya Bit Source, mjini Pikeville, Kentucky, ilitangaza kuwa itawafundisha watu wa sekta ya makaa kuandika programu za kompyuta. Walioomba walizidi 900. Waliochukuliwa walikuwa 11, na walijifunza. Nia ilikuwepo na akili zilikuwepo. Kilichokuwa haba ni nafasi.

MAPAFU YANAYODAI MFUKO MTUPU

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa 1969 wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waliacha kazi ili sheria iutambue ugonjwa wa mapafu meusi? Vumbi la makaa huingia kifuani, hukaa humo, na pumzi hukatika kidogo kidogo. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya afya na usalama migodini, na wagonjwa wakaanza kulipwa fidia. Mfuko wa kuwalipa wale ambao kampuni zao zimefilisika hutegemea kodi ya kila tani.

Hapo pana hatari. Tani zikipungua, kodi hupungua, na wagonjwa hawapungui. Mfuko huo una deni la mabilioni ya dola. Ugonjwa wenyewe umerudi kwa ukali, kwa kuwa matabaka manene ya makaa yamekwisha na mashine sasa hukata mwamba mwingi wenye vumbi la silika. Watafiti walikuta wagonjwa 416 wa hatua mbaya kabisa katika kliniki tatu tu za kusini-magharibi mwa Virginia, kati ya 2013 na 2017. Kufunga mgodi hakumponyi aliyekwisha kulivuta vumbi. Matibabu yake yanapaswa kuwa deni la kwanza katika hesabu ya mabadiliko yoyote.

VILELE VILIVYOKATWA, WANYAMA WALIORUDI

Kati ya 1997 na 2002 jimbo la Kentucky lilileta elki wapatao 1,500 kutoka magharibi mwa nchi. Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwenye pembe za matawi, na alikuwa ametoweka huko tangu karne ya 19. Waliachiwa kwenye milima iliyokatwa vilele ili kuchimba makaa, ambako palikuwa pamebaki nyasi tupu. Leo ni maelfu kwa maelfu, ndilo kundi kubwa kuliko yote mashariki mwa mto Mississippi, na watalii hulipa kwenda kuwaona.

Kwa nini palibaki nyasi? Sheria ya mwaka 1977 ilizitaka kampuni zirudishe udongo na kuuzuia usiporomoke. Zenyewe zikaushindilia kwa matingatinga hata mizizi ya miti ikashindwa kupenya. Sasa kuna vikundi vinavyoulima upya udongo huo kwa meno marefu ya chuma, kisha vinapanda miti ya asili. Huko Ohio, chuo kikuu kimebuni njia ya kuchuja kutu ya chuma kutoka kwenye maji machafu yanayotoka migodi ya zamani, na kutu hiyo inatengenezwa rangi za wachoraji. Kazi hizi zinahitaji watu wanaojua mitambo na wanaoifahamu milima, na wachimbaji wa zamani ni watu hao hasa.

WAZIRI ALIYETANGAZA MAPEMA

Tarehe 17 Desemba 1965 waziri wa uchumi wa Uholanzi, Joop den Uyl, alisimama katika ukumbi wa maonyesho mjini Heerlen, mkoa wa Limburg, akatangaza kwamba migodi ya makaa itafungwa. Gesi asilia ilikuwa imegunduliwa kaskazini mwaka 1959, na makaa hayakuweza kushindana nayo. Wachimbaji walikuwa wapatao 45,000. Aliahidi kwamba hautafungwa mgodi pasipo ajira mbadala, na mgodi wa mwisho ulifungwa mwishoni mwa 1974.

Serikali ilihamishia huko ofisi za mfuko wa pensheni na za takwimu, kiwanda cha magari kikajengwa Born, na chuo kikuu kikafunguliwa Maastricht. Lakini kazi za ofisini ziliwafaa zaidi wenye vyeti kuliko wenye misuli, na Heerlen ilipitia miaka mizito ya watu kukosa kazi na vijana kuharibiwa na heroini. Idadi ya ajira kwenye karatasi haitoshi. Lazima iulizwe ni nani anayeweza kuzifanya.

Na jambo la kufurahisha: tangu 2008 maji ya vuguvugu yaliyojaa katika mashimo yaleyale ya Heerlen yanavutwa juu ili kupasha joto majengo.

PAMPU ZISIZOZIMWA

Katika bonde la Ruhr, Ujerumani, uchimbaji umeifanya ardhi ididimie, mahali pengine kwa zaidi ya mita 20. Pampu zikizimwa, mitaa mizima itageuka maziwa. Wajerumani walilijua hilo wakajipanga: mwaka 2007 waliunda taasisi, RAG-Stiftung, yenye hisa na mali nyingine, ili faida yake igharimie kazi za maji zisizo na mwisho. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel, ulifungwa Desemba 2018. Taasisi ilikuwa tayari miaka 11 kabla.

Wyoming, jimbo la Marekani linalochimba makaa mengi kuliko mengine, lilifanya kama hivyo mwaka 1974. Wapiga kura waliandika katika katiba yao kwamba sehemu ya kodi ya madini iwekwe katika mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi. Wahenga wetu walisema akiba haiozi.

KOMATI: WENYEJI WALIOAMBIWA KWA KUCHELEWA

Kituo cha umeme wa makaa cha Komati, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kilizimwa tarehe 31 Oktoba 2022. Siku chache baadaye Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 za kukigeuza kuwa kituo cha umeme wa jua, betri na mafunzo. Fedha zilikuwepo na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Hata hivyo tume ya rais wa nchi hiyo ya masuala ya tabianchi ilipochunguza ilikuta kwamba maandalizi ya jamii yalichelewa. Wafanyakazi wa kudumu walihamishiwa vituo vingine, lakini vibarua wa makandarasi na wafanyabiashara wadogo waliowategemea waliachwa bila mpango.

NA KWETU?

Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walidai haki ya kuulizwa kabla, ileile waliyoikosa watu wa Komati.

Kwingine ndiyo kwanza uchimbaji unashika kasi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma, Tanzania, yalipakiwa melini bandarini Mtwara kwenda Ulaya, kwa wanunuzi ambao nchi zao zimekwisha kutangaza kuwa zitaacha kuyatumia. Soko hilo lina mwisho, na mwisho wake unaamuliwa mbali na Mbinga, wilaya ya Ruvuma yanakochimbwa.

Nyenzo za kujiandaa zipo. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii inayozunguka mgodi. Tanzania, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane nao na halmashauri. Mpango huo unaweza kuwa madawati na rangi ya zahanati. Unaweza pia kuwa mfuko wa kudumu, hati za ardhi kwa wanakijiji, chuo cha ufundi na vipimo vya mapafu. Uamuzi hufanywa kwenye vikao vya kawaida, na kila mwananchi ana haki ya kuuliza fedha za tani zilizopita mwaka huu zimewekwa wapi. Swali hilo liulizwe sasa, malori yangali yakipita.