Barua Pepe Zikipotea Ofisini: Tusikimbilie Kupiga Windows Upya

Katika matoleo yaliyopita tumekuwa tukiwaletea habari za visima, matangi ya maji na vikundi vya kina mama. Katika toleo hili tunaomba nafasi tuzungumzie jambo ambalo halipigwi picha, lakini linaweza kukwamisha kisima na tangi pia. Jambo hilo ni utunzaji wa barua pepe katika kompyuta za ofisi zetu.

Yaliyotupata

Mwezi Novemba 2023, wakati nchi ikiwa katika mgawo wa umeme, umeme ulikatika ghafla mchana katika ofisi yetu ndogo ya mradi pembezoni mwa Temeke. Katibu muhtasi wetu alikuwa amefungua barua pepe kwa programu ya Thunderbird. Betri ya UPS ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na tulikuwa tumeahirisha kununua nyingine kwa sababu haikuwamo kwenye bajeti. Umeme uliporudi, kikasha cha barua zilizoingia kilikuwa kitupu. Barua za miaka 6 hazikuonekana hata moja.

Kati ya hizo ilikuwamo barua ya mfadhili iliyoturuhusu kuhamisha fedha kutoka kifungu cha tangi kwenda kifungu cha pampu. Kibali hicho kilikuja kwa barua pepe tu, nasi hatukukichapa. Mkaguzi wa hesabu alikuwa anakuja wiki iliyofuata. Bila barua ile, fedha za pampu zingeandikwa kuwa ni matumizi yasiyo na kibali, na tungeweza kutakiwa kuzirudisha.

Kijana fundi aliyeitwa alitazama kwa dakika chache akasema, "Mama, hii dawa yake ni kupiga Windows upya." Katibu wetu akamjibu, "Subiri kwanza mwanangu, niwaulize wakubwa." Akatupigia simu, nasi tukamwomba asiguse kitu. Maneno hayo machache ndiyo yaliyookoa barua zile. Kupiga Windows upya kwa kufuta diski kungefuta pia faili lililokuwa na barua zote, ambalo wakati huo lilikuwa bado lipo, zima, ndani ya kompyuta.

Barua zinakaa wapi?

Wengi wetu hudhani barua pepe zipo "kwenye mtandao". Inategemea namna kompyuta ilivyopangwa. Njia ya zamani inaitwa POP, na jina lake lenyewe limetokana na ofisi ya posta. Ni kama kwenda kwenye sanduku la posta na ufunguo, ukachukua barua zote na kurudi nazo nyumbani, sanduku likabaki tupu. Nyumba ikiungua, barua zimeungua. Njia ya pili inaitwa IMAP. Hapa barua hubaki posta, yaani kwenye seva, na kompyuta yako huonyesha nakala. Kompyuta ikiibwa, barua zipo. Lakini ukifuta barua upande mmoja, inafutika na upande wa pili.

Ofisi nyingi zilizoanza kutumia barua pepe miaka ile ya modemu na simu ya mezani zilipangiwa POP, kwa kuwa intaneti ililipiwa kwa dakika. Ilikuwa busara kupakua barua haraka, kukata simu, kisha kusoma kwa utulivu. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 na intaneti ikawa rahisi zaidi, lakini mipangilio ile ya zamani ilibaki katika kompyuta nyingi, na yetu ilikuwa mojawapo.

Hatusemi kwamba kutunza barua ndani ya kompyuta ni kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu baharini na intaneti ikayumba nchini na kwa majirani zetu. Siku kama hizo, mwenye nakala mezani kwake anaendelea kuandika taarifa yake. Kosa ni kuwa na nakala moja tu.

Kwa nini kikasha huharibika?

Katika Thunderbird ya kawaida, folda moja ya barua ni faili moja refu. Tulifananishe na kaunta buku. Barua zinaandikwa humo moja baada ya nyingine, ukurasa kwa ukurasa. Pembeni kuna faili dogo la orodha ya yaliyomo, ambalo jina lake huishia na herufi msf. Unapofungua programu, unachokiona kwenye kioo ni orodha hiyo. Orodha ikiharibika, kioo huonyesha utupu ingawa kaunta buku lipo kabatini na kurasa zake zote.

Jambo la pili: ukifuta barua, programu haichani ukurasa. Inauwekea alama tu kwamba umefutwa. Kaunta buku linazidi kunenepa hadi programu iombe ruhusa ya kubana folda. Kubana maana yake ni kunakili kaunta buku jipya lenye barua zinazotakiwa tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, au mtu akizima kompyuta kwa kuwa "inachelewa", kazi hubaki nusu.

Wanaotumia Outlook ya Microsoft kwa mpango wa POP wana faili linaloishia na pst, ambalo ndani yake zimo folda zote pamoja. Matoleo ya zamani, hadi Outlook 2002, hayakuweza kuvuka GB 2, na faili lililokaribia hapo liliharibika kwa urahisi. Tangu Outlook 2010 kiwango kilichowekwa ni GB 50, lakini faili kubwa mno bado ni mzigo. Tena, faili la pst halifai kufunguliwa moja kwa moja kupitia mtandao wa ofisi kutoka kompyuta nyingine. Microsoft wenyewe hawashauri matumizi hayo.

Sababu ya tatu ni programu za kuzuia virusi. Zikikuta kirusi ndani ya barua moja, baadhi hulifungia karantini faili zima la kikasha, kana kwamba mgonjwa mmoja amefanya wodi nzima ifungwe.

Zikipotea, tufanye nini?

Haya ndiyo tuliyoyafanya, na ndiyo tunayoyashauri, kwa mpangilio huu:

1. Acheni kuitumia kompyuta hiyo. Msipakue barua mpya, msibane folda, msiweke programu nyingine. Faili likiwa limefutwa kweli, katika diski za kawaida data zake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Katika diski za SSD muda huo unaweza kuwa mfupi sana.

2. Funga programu, kisha tafuta faili lenyewe. Katika Thunderbird, ingia menyu ya "Help", chagua "Troubleshooting Information", halafu fungua folda ya wasifu, "Profile Folder". Ndani yake kuna folda ya "Mail", na humo utakuta faili liitwalo "Inbox" lisilo na mkia wowote. Tazama ukubwa wake. Letu lilikuwa na zaidi ya GB 3, na hapo ndipo tulipojua kwamba barua hazijaenda kokote.

3. Kabla ya kutengeneza chochote, nakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje. Fundi akikosea, mnarudi mlipoanzia. Fahamuni kwamba flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Tumieni diski yenye mfumo wa exFAT au NTFS.

4. Sasa tengenezeni. Katika Thunderbird, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Programu itasoma kaunta buku upya na kuandika orodha mpya. Watumiaji wa Outlook wafunge programu na kutumia chombo kiitwacho SCANPST.EXE, ambacho huja pamoja na Outlook. Wakati mwingine hulazimika kukiendesha zaidi ya mara moja.

5. Kama faili halipo kabisa, angalieni kapu la taka la kompyuta na karantini ya programu ya virusi. Barua iliyofutwa kwenye Gmail hukaa siku 30 katika taka kabla ya kuondolewa moja kwa moja.

6. Ulizeni upande wa pili. Barua pepe ina aliyeituma na aliyeipokea, na mara nyingi mfadhili ana nakala yake. Kumwomba atume tena si aibu. Aibu ni kusubiri mkaguzi afike.

Kwa upande wetu, hatua ya nne ilirudisha barua ndani ya muda wa chai. Barua ya kibali ilionekana, tukaichapa na kuiweka kwenye jalada. Hata hivyo hatukupata vyote. Folda ya picha za ujenzi kutoka usharika mmoja wa Kinondoni ilirudi nusu, barua za mwisho zikiwa herufi zisizosomeka. Tuliwaomba watume tena, lakini simu iliyopiga picha hizo ilikuwa imekwisha kuibwa. Taarifa ya robo mwaka ilikwenda bila picha zile, nasi tukawaeleza wafadhili sababu yake waziwazi. Kosa halikuwa la programu wala la fundi. Lilikuwa la kwetu, tuliojua kwamba betri imekufa.

Kinga

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu ufuatao, na hauhitaji mtaalamu:

Kwanza, tulibadili mpangilio kuwa IMAP. Ofisi inayolazimika kubaki na POP ichague mpangilio wa kuacha barua kwenye seva kwa muda, badala ya kuziondoa mara zinapopakuliwa.

Pili, kila Ijumaa mchana katibu hufunga programu na kunakili folda ya wasifu kwenye diski ya nje. Tuna diski mbili zinazopokezana, na moja hulala nje ya ofisi. IMAP peke yake si nakala ya akiba, kwa sababu kosa la kufuta nalo hunakiliwa kila mahali.

Tatu, kila mwaka una folda zake. Barua za mwaka uliopita huhamishwa kutoka kwenye kikasha ili kisinenepe. Kubana folda hufanywa baada ya nakala ya Ijumaa, UPS ikiwa nzima, na hakuna anayezima kompyuta hadi kazi iishe.

Nne, barua zenye mikataba, vibali na stakabadhi huchapwa siku hiyohiyo na kuingia kwenye jalada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini ushahidi usioweza kufunguliwa haumsaidii mtu.

Tano, tunalinda siri za watu. Ndani ya barua zetu kuna majina ya wajane, yatima na wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzitunze taarifa hizo kwa usalama. Kwa hiyo diski za nakala zina nywila na zinafungiwa kabatini, na kompyuta haiachwi kwa fundi mtaani hadi kesho yake bila mtu wetu kuwapo.

Sita, mara moja kila robo mwaka tunafungua nakala ile kwenye kompyuta nyingine na kusoma barua mbili tatu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Ombi letu

Kwa kamati za sharika, tunaomba ajenda moja fupi katika kikao kijacho: barua pepe za ofisi yetu zinakaa wapi, nani anazinakili, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Mtu mmoja atajwe kwa jina katika muhtasari, pamoja na msaidizi wake, maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Zipo ofisi zenye kompyuta za zamani zilizotumia Outlook Express, programu iliyokuja na Windows hadi XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Msiziuze wala kuzitupa kabla ya kunakili mafaili yanayoishia na dbx. Humo huenda ikawamo mikataba ya viwanja na majengo yenu.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa uvumilivu wenu mlipopokea taarifa isiyo na picha. Tunaomba pia kwamba mnapopitia bajeti zetu, msishangae kuona mstari mdogo wa betri ya UPS na diski mbili za nje. Tuliwahi kuufuta mstari huo ili kubana matumizi, na nusura utugharimu pampu nzima.

Pampu hiyo imefungwa na inatoa maji. Barua iliyoiruhusu sasa ipo katika seva, katika diski mbili na katika jalada la karatasi.