Kukimbia mtaani wakati wa kaskazi: jasho linalodondoka halipozi mwili

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma katika mwambao wa Afrika Mashariki, watu wengi waliozoea kukimbia jioni baada ya kazi huziweka raba uvunguni mpaka masika yapoze mji. Wengine hufanya kinyume. Hukimbia kwa kasi ileile ya Julai, tena ndani ya koti la nailoni, wakiamini kwamba jasho likitoka jingi ndipo tumbo linapopungua. Hao wa kwanza wanajinyima faida kubwa bila sababu. Hawa wa pili wanahatarisha uhai wao.

Faida yenyewe haihitaji mbio ndefu. Mwaka 2014 jarida la chuo cha madaktari wa moyo cha Marekani lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 55,137 kwa wastani wa miaka 15. Uwezekano wa kufa katika kipindi hicho ulikuwa mdogo kwa asilimia 30 miongoni mwa waliokimbia, na wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu ulikuwa mdogo kwa asilimia 45. Hata waliokimbia dakika 5 hadi 10 tu kwa siku, polepole, walikuwa na nafuu kubwa kuliko wasiokimbia kabisa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mbio pekee ndizo zilizowalinda, lakini unalingana na mengi yanayojulikana kuhusu moyo na mazoezi. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliondoa sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe pale tu yanapofika dakika 10 mfululizo. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala na kurudi, kabla ya kuoga, ni mazoezi kamili.

Sasa tutazame joto, maana ndilo linaloamua mzunguko huo ukimbiwe vipi. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia nishati ya kilokalori 350 hivi. Misuli hugeuza sehemu ndogo tu, kama robo au pungufu ya hapo, kuwa mwendo. Zinazobaki, takriban 270, huwa joto ndani ya mwili. Kuupandisha mwili wa kilo 70 kwa nyuzi moja huhitaji kilokalori 58 tu. Piga hesabu: kama joto hilo lote lisingepata pa kutokea, mwili ungetoka nyuzi 37 na kupita 41 kabla kilomita ya tano haijaisha. Nyuzi 40 peke yake ni eneo la hatari kwa ubongo.

Kinachotuokoa ni jasho, na kazi yake ni ileile inayofanyika kwenye mtungi wa udongo. Maji hupenya hadi nje ya mtungi, hukauka, na yanapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huchukua kilokalori 580 hivi, maana yake nusu lita ingetosha kuondoa joto la kilomita zile 5. Lakini ni lazima likauke. Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka barabarani limeutoa mwili maji bila kuupoza. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kulowa chapachapa na bado akazidi kuungua ndani: hewa ya pwani imeshabeba maji mengi, na haina haraka ya kupokea mengine.

Hapa wakimbiaji wengi hupotoshwa na simu zao. Alfajiri simu huonyesha unyevu wa asilimia 90, alasiri 63, na mtu anaamua kwamba alfajiri ni mbaya zaidi. Asilimia hiyo hupimwa kwa kulinganisha na uwezo wa hewa kubeba mvuke, na uwezo huo hupanda kadiri hewa inavyopata joto. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 90 na ile ya nyuzi 32 yenye asilimia 63 zina mvuke karibu sawa, kama gramu 21 katika kila mita moja ya ujazo. Jasho hukauka kwa shida ileile nyakati zote mbili. Tofauti ni kwamba alfajiri hewa yenyewe ina ubaridi, jua halijachomoza, na lami na kuta hazitoi joto zililolihifadhi mchana kutwa. Anayeweza kuamka akakimbia saa 12 asubuhi kabla ya kazi, akimbie. Anayebaki na jioni tu asubiri jua litue, achague barabara inayopata upepo wa bahari, na ajue kwamba upepo ukimsukuma mgongoni hatausikia na atapata joto zaidi.

Giza peke yake halitoshi. Septemba 2019, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Doha, Qatar, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa 6 usiku ili kukwepa jua. Joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Walianza wanariadha 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08. Kama bingwa wa dunia alilazimika kupunguza mwendo wake hata akatumia zaidi ya dakika 15 za ziada, karani anayetoka ofisini hana sababu ya kuona haya akipunguza wake. Wakati wa joto moyo hugawa damu mara mbili, kwa misuli inayofanya kazi na kwa ngozi inayotoa joto, kwa hiyo hupiga haraka zaidi hata kwa kasi ndogo. Kipimo kizuri kimo katika mchakamchaka: ukishindwa kuitikia wimbo, au kutamka sentensi nzima bila kuhema, umekwenda mbio mno. Tembea kidogo, kisha endelea.

Mwili hujifunza joto. Mazoezi mepesi ya kila siku kwa siku 10 hadi 14 huongeza majimaji ya damu, hufanya jasho lianze mapema, na hupunguza chumvi inayopotea. Madaktari wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, waliliona hili tangu miaka ya 1930, pale kiharusi cha joto kilipowaangukia sana wachimbaji wapya waliokuwa hawajazoeshwa. Anayeshinda kwenye kiyoyozi kuanzia asubuhi hadi saa 11 jioni ajihesabu mgeni, hata kama amezaliwa Kariakoo. Aanze na dakika 10.

Na lile koti la nailoni livuliwe leo. Uzito unaopungua kwa jasho ni maji, nao hurudi ukinywa. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijitoa jasho ili kupunguza uzito, wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa. Mavazi hayo yakapigwa marufuku katika mchezo wao. Vaa fulana nyepesi iliyopwaya. Kwa mbio za nusu saa, maji ya kawaida kwa kadiri ya kiu yanatosha. Mwenye homa asikimbie kabisa, na anayetumia dawa za presha za kupunguza maji mwilini, au aliyerithi kinasaba cha selimundu, azungumze na daktari kwanza.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea ovyo au kukasirika bila sababu, usingoje jasho likauke ndipo uamini kwamba ni joto, kwa kuwa kiharusi cha joto humpata mkimbiaji akiwa bado amelowa. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mwagieni maji mwili mzima, mfunikeni kwa khanga iliyolowa, ibadilisheni mara kwa mara na kumpepea bila kukoma. Likiwapo pipa au beseni kubwa la maji, mzamisheni hadi shingoni huku mmoja akimshika kichwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kupoza kuanze pale alipoangukia, huku mtu mwingine akitafuta usafiri, na hata ndani ya bajaji endeleeni kummwagia maji mpaka mlango wa hospitali.