Chura Aliyejeruhiwa Hahitaji Beseni Lako

Mvua za Aprili zikinyesha Garissa, vyura waliojificha ardhini miezi mingi hujitokeza kutafuta wenza kwenye madimbwi. Wengine hukanyagwa na magari, wengine hukatwa na majembe katika mashamba ya kando ya Mto Tana. Mwenye huruma akimwokota mmoja aliyeumia, hufikiria kumtia ndani ya beseni amfuge. Huruma hiyo si mbaya, ila inaweza kumuua chura upesi kuliko jeraha lenyewe. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi; hufyonza maji kwa ngozi, hasa ya tumbo na mapaja, na sehemu ya pumzi yake hupitia hapo hapo. Ngozi hiyo hupitisha pia sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa ya kuua wadudu iliyobaki mkononi. Tena ina kinga yake. Mwaka 1987 mtafiti Mmarekani Michael Zasloff alitangaza magainini, kemikali za kuua vijidudu alizozipata katika ngozi ya chura wa Kiafrika aitwaye Xenopus. Kilichomshtua ni kwamba vyura aliowapasua na kuwashona walipona bila usaha, japo aliwarudisha katika maji machafu. Si kila jeraha hupona hivyo, na chura aliyekomaa haoti mguu mpya. Lakini mchubuko au kidonda kidogo hakihitaji daktari wa beseni.

Wapo watakaosema kwamba ukame wa Garissa utammaliza. Hapa wanamdharau mwenyeji. Chura wa povu wa nyanda kavu za kaskazini mwa Kenya hutoa taka za mwili zikiwa na maji kidogo sana, kama afanyavyo mjusi, na ngozi yake hugeuka nyeupe kurudisha miale ya jua. Uwezo huo humfaa akiwa huru kuchagua tawi, kivuli na saa ya kutoka. Ndani ya nyumba ya bati mchana, maji ya beseni hupata moto naye hana pa kukimbilia. Chakula nacho ni shida: chura hushambulia kinachosogea, kwa hiyo kipande cha nyama kilicholala mbele yake kwake si kitu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Tanzania. Vyura wa Kihansi walipokaribia kutoweka baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko, karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha, na mwaka 2012 wazao wa wale waliohifadhiwa wakaanza kurudishwa. Ni kweli, kufugwa kuliwaokoa. Lakini ile ilikuwa kazi ya wataalamu wenye maabara, waliochunga hata kuvu ya kitridi, ugonjwa wa ngozi ulioangamiza vyura katika mabara kadhaa na ambao chura aliyefugwa anaweza kuurudisha porini. Na kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumweka mnyama wa porini bila kibali ni kosa.

Wengine watauliza: nimwache aliwe na korongo? Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume alikataza kumuua chura. Kumwacha kwenye maji yake si kumuua, na korongo naye ana makinda. Kwa hiyo lowesha mikono kwa maji ya dimbwi, msogeze kutoka barabarani hadi kwenye kivuli chenye unyevu karibu na hapo ulipomkuta, kisha nawa. Ukiona wengi wamekufa pamoja bila majeraha, waarifu maafisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mjini Garissa.